Malkia aliyeandikiwa barua na mfanyabiashara: maisha ya Elizabeth wa Kwanza kwa msomaji wa Kaberebere

Mwishoni mwa mwaka 1558 mfanyabiashara wa London aitwaye Thomas Gresham alimwandikia barua malkia mpya wa Uingereza. Malkia huyo, Elizabeth wa Kwanza, alikuwa na umri wa miaka 25 na alikuwa ndiyo kwanza amerithi kiti. Hazina aliyoikuta ilikuwa tupu, ufalme ulikuwa unadaiwa fedha nyingi na wakopeshaji wa Antwerp, na sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa zimechanganywa na shaba.

Gresham alimpa malkia mashauri matano. La kwanza, nafasi ikipatikana, aiondoe sarafu mbovu na kurudisha fedha safi. La pili, asiwarudishie wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hanse upendeleo waliokuwa nao zamani. La tatu, atoe leseni za upendeleo chache kadiri awezavyo. La nne, apunguze deni la nje. La tano, alinde uaminifu wake kwa wakopeshaji, na hasa kwa wafanyabiashara wa nchi yake mwenyewe, kwa kuwa hao ndio watakaosimama naye siku ya shida.

Mfanyabiashara wa Kaberebere hahitaji mwalimu wa kumfafanulia barua hiyo. Mji huu mdogo wa wilaya ya Isingiro uko kwenye barabara ya kutoka Mbarara kwenda Kikagati, na ng'ambo ya mto Kagera ni Murongo, Tanzania. Ndizi za matoke zinapakiwa hapa kwenda mbali. Watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanapita wakiwa na vitenge, mahindi, maharage na samaki, na mkononi mwa mtu mmoja unaweza kukuta shilingi ya Uganda, shilingi ya Tanzania, faranga ya Rwanda na dola. Fedha mbovu, leseni, deni na wageni wenye ujuzi ni mambo ya kila siku hapa.

Ndiyo maana makala hii inapendekeza jambo ambalo huenda likashangaza: vitabu vya maisha ya Elizabeth wa Kwanza vinamfaa msomaji wa sokoni, mradi avisome kama anavyosoma daftari la biashara. Ajiulize kila mara fedha ilitoka wapi, ilikwenda wapi, na nani alibaki akidai.

Malkia huyo ni nani

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1533 huko Greenwich, binti wa Mfalme Henry wa Nane na Anne Boleyn. Kabla hajatimiza miaka mitatu, baba yake aliamuru mama yake akatwe kichwa. Mwaka 1554 dada yake, Malkia Mary, alimfunga katika ngome ya Tower ya London akimshuku kuhusika na uasi. Alitoka salama, akarithi kiti tarehe 17 Novemba 1558, na akatawala kwa zaidi ya miaka 44 mpaka alipofariki tarehe 24 Machi 1603. Hakuolewa. Alikuwa wa mwisho wa ukoo wa Tudor kukalia kiti hicho.

Maisha ya namna hiyo yanavutia waandishi. Kuna vitabu vinavyoshughulika zaidi na nani alimpenda, nani alimposa na kwa nini alikataa. Vingine vinakaa kwenye vita, hasa mwaka 1588 manowari za Hispania zilipokuja kumvamia na kushindwa. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini ukisoma vitabu viwili au vitatu kwa pamoja, utaona kuwa mambo yaliyogusa chungu cha mwananchi wa kawaida mara nyingi yamewekwa katika kurasa chache katikati ya kitabu, kwenye sura ambazo msomaji mwenye haraka huziruka. Mfanyabiashara asiziruke.

Sarafu yenye pua ya shaba

Tuanze na shauri la kwanza. Kuanzia mwaka 1544, Henry wa Nane alipohitaji fedha za vita, alipunguza madini ya fedha katika sarafu na kuongeza shaba. Sarafu ya kawaida ya Uingereza ilitakiwa kuwa na asilimia 92.5 ya fedha safi. Kufikia mwaka 1551, chini ya mwanawe Edward, zilikuwapo sarafu zenye asilimia 25 tu. Uso wa mfalme uliokuwa kwenye sarafu ulipochakaa, sehemu iliyojitokeza zaidi, yaani pua, iliisha fedha kwanza na shaba ikaonekana. Watu wakambandika mfalme jina la utani la mzee mwenye pua ya shaba.

Huko Antwerp, lililokuwa soko kuu la fedha la Ulaya wakati huo, wabadilishaji hawakudanganywa. Walipima madini, wakashusha kiwango cha paundi. Bidhaa za kutoka nje zikapanda bei nchini. Mkulima aliyeuza sufu na kulipwa sarafu mpya alijikuta ananunua kidogo kuliko mwaka uliopita, ingawa idadi ya sarafu mfukoni haikupungua.

Mwaka 1560 Elizabeth na washauri wake waliamua kuimaliza kazi hiyo. Sarafu mbovu zilizoitwa testoni, ambazo wakati huo zilikubalika kwa peni 6, zilishushwa thamani kwa tangazo: zilizo bora kidogo zikawa peni 4 na nusu, na zile mbovu kabisa zikawa peni 2 na robo. Kwa kuwa mtu wa kawaida hakuweza kuzitofautisha, serikali ilizigonga alama. Zilizo bora zilipata alama ya geti la chuma la ngome, na mbovu zilipata alama ya mbwa wa kuwindia. Kisha zikakusanywa, zikayeyushwa kwa msaada wa mafundi kutoka Antwerp, na kufikia mwaka 1561 fedha safi ilikuwa imerudi sokoni.

Waandishi wengi humsifu malkia kwa hatua hiyo, na anastahili sifa. Lakini msomaji wa Kaberebere atauliza swali ambalo baadhi ya vitabu hulipita haraka: hasara ilimwangukia nani? Serikali yenyewe ilitoka na faida kwenye kazi hiyo. Aliyeumia ni aliyekutwa na testoni mkononi siku tangazo liliposomwa. Tajiri alikuwa na ardhi, nguo, vyombo vya fedha na dhahabu. Mchuuzi alikuwa na sarafu tu, tena mara nyingi zile za mbwa, kwa kuwa nzuri zilikwisha kufichwa na wenye nazo.

Tabia hiyo ya watu kuficha fedha nzuri na kuitoa mbaya leo inaitwa kanuni ya Gresham, ingawa jina hilo lilitolewa na mwanauchumi Henry Dunning Macleod mwaka 1858, karibu miaka 300 baadaye. Anayefanya biashara na upande wa Kongo anaifahamu bila jina. Noti ya dola iliyochanika kidogo kwenye kona hukataliwa, kwa hiyo kila mtu anajaribu kuitoa hiyo kwanza na kubaki na iliyonyooka.

Wazee wetu pia wana kumbukumbu za siku ya tangazo. Mwezi Mei 1987 serikali ya Uganda ilileta shilingi mpya, moja kwa 100 za zamani, na kukata asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Aliyefika na shilingi 100,000 za zamani alistahili 1,000 mpya, akaondoka na 700. Huko Zaire, mwezi Januari 1993, askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakakataa kuzipokea, na Kinshasa ikaingia katika fujo na uporaji. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa na kuendelea kutumia zile za zamani. Baba au mama wa Kikongo aliyeko Nakivale leo, akisoma habari za testoni na alama ya mbwa, anaelewa hofu ya siku ile kuliko wasomi wengi.

Hata jina tunalolitumia linatoka huko. Testoni ndiyo sarafu iliyoitwa shilingi kwa Kiingereza. Mwaka 1921 Waingereza waliileta shilingi ya Afrika Mashariki, na kutoka hiyo zikazaliwa shilingi za Uganda, Kenya na Tanzania.

Deni na daftari

Shauri la nne na la tano, malkia aliyafuata kwa muda mrefu. Gresham aliendelea kuwa wakala wake Antwerp, akikopa huku, akilipa kule, na kucheza na kiwango cha kubadilisha fedha. Hakuwa malaika. Alipohitaji kuisafirishia serikali silaha na baruti kutoka bandari ambazo zilikataza, aliziandika katika barua zake kama mahameli. Magendo hayakuanza katika mito ya kwetu. Lakini taratibu mikopo ilihamishwa kutoka kwa wageni kwenda kwa wafanyabiashara wa London, na kufikia katikati ya miaka ya 1570 deni la Antwerp lilikuwa limelipwa. Mwaka 1571 malkia alikwenda mwenyewe kulifungua rasmi soko la fedha ambalo Gresham alilijenga London, akalipa jina la Royal Exchange.

Baadaye vita dhidi ya Hispania, pamoja na vita huko Uholanzi na Ireland, vilikula akiba yote, na alipofariki aliacha deni. Baada ya ushindi wa mwaka 1588 wanamaji wengi walikufa kwa maradhi bandarini huku mishahara yao ikichelewa. Kitabu kinachomaliza habari za mwaka huo kwenye shangwe bila kuwataja wanamaji hao kimeacha kandani hesabu yenyewe.

Kuna jambo moja dogo ambalo wapenda daftari watalifurahia. Vitabu vya hesabu za nyumba yake vya mwaka 1551 hadi 1552, alipokuwa binti wa miaka 18, bado vipo. Miaka michache kabla, mtunza fedha wake alichunguzwa na hesabu zake zikaonekana ovyo. Katika vitabu hivi sahihi ya Elizabeth imo chini ya hesabu. Alijifunza mapema kwamba mwenye mali asipokagua mwenyewe, atakaguliwa na wengine.

Wakimbizi wa Norwich

Shauri la pili lilihusu wageni wenye upendeleo. Malkia hakuwarudishia Wajerumani wa Hanse nafasi yao ya zamani, na mwaka 1598 alifunga kabisa makao yao ya biashara London. Lakini kuna wageni wengine aliowafungulia mlango, na sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayogusa Nakivale moja kwa moja.

Katika miaka ya 1560 Waprotestanti wa Flandria walikuwa wakikimbia mateso chini ya mfalme wa Hispania. Wakati huohuo, mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, ulikuwa na wafumaji wasio na kazi kwa sababu nguo zao nzito hazikuwa na soko tena. Viongozi wa mji waliomba ruhusa, na mwaka 1565 malkia akaitoa: mabwana wafumaji 30 waingie na watu wao, jumla wasizidi 300. Walikuja na ufundi wa nguo nyepesi zilizopendwa Ulaya ya kusini. Kufikia mwaka 1579 wakimbizi walikuwa wapatao 6,000, karibu theluthi moja ya wakazi wote wa mji huo.

Vitabu vizuri vinaeleza pande zote mbili. Wageni walifufua biashara ya mji, wakaajiri wenyeji, na mmoja wao, Anthony de Solempne, akawa mchapaji wa kwanza wa vitabu Norwich. Lakini walizuiwa kuuza rejareja kwa uhuru kama wenyeji, waliwekewa saa ya kutotembea usiku, na katika kodi za bunge mgeni alitozwa mara mbili ya mwenyeji. Mwaka 1570 baadhi ya watu wa Norfolk walipanga kukusanya umati siku ya gulio ili kuwafukuza. Njama ikagunduliwa na baadhi ya viongozi wake wakanyongwa.

Weka hayo kando ya habari za hapa. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wanakimbia nchi yao. Leo wapo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na lugha inayowakutanisha wengi wao na wenyeji sokoni ni Kiswahili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Utafiti wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014, uliohusu Nakivale, Kyangwali na Kampala, ulikuta kuwa jijini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda.

Lawama ni zilezile za Norwich: wageni wanachukua nafasi zetu, wanauza bei ya chini, wanajuana wao kwa wao. Na faida ni zilezile. Maisha ya malkia huyu hayasemi kwamba wenyeji hawana haki ya kulalamika. Yanaonyesha kuwa mji ulioweka kanuni zinazojulikana, ukapokea ufundi na kuwalinda watu siku ya ghasia, ulipata kazi kwa wote. Msomaji pia asimvike malkia joho la huruma tupu. Alitaka kodi, alitaka nguo za kuuza nje, na alitaka kumuudhi mfalme wa Hispania. Lakini mfumaji aliyekuwa na kitanda chake cha kufumia na watoto wake wakiwa salama alipata nafuu hata kama aliyemfungulia mlango alikuwa na hesabu zake.

Leseni ya chumvi

Shauri la tatu ndilo malkia alilolivunja. Alipokosa fedha za kuwalipa watumishi na vipenzi vyake, aliwapa leseni za peke yao. Mtu mmoja alipewa haki ya kutengeneza wanga, mwingine siki, mwingine karata, mwingine chumvi katika eneo fulani. Malkia hakutoa hata peni moja mfukoni mwake. Aliyelipa ni mama aliyenunua chumvi. Wenye leseni waliwatuma watu wao kupekua maduka na kuwatoza faini waliouza bila ruhusa.

Mwezi Novemba 1601 wabunge walichoka. Orodha ya bidhaa zilizoshikwa kwa leseni iliposomwa, mbunge mmoja, William Hakewill, alisimama na kuuliza kama mkate haumo. Wenzake waliposhangaa, aliwaambia kuwa jambo lisipotengenezwa, mkate nao utakuwa kwenye orodha kabla ya bunge lijalo. Malkia akaona hatari. Alifuta baadhi ya leseni hizo kwa tangazo, na tarehe 30 Novemba akawaita wabunge na kuwahutubia kwa maneno ya upendo na shukrani, akisema wamemwepusha na kosa ambalo hakulijua. Hotuba hiyo ikapata jina la hotuba ya dhahabu.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kupima waandishi. J. E. Neale, ambaye kitabu chake cha mwaka 1934 kilisomwa na watu wengi sana, anampenda malkia wake na hotuba hiyo kwake ni kilele cha uhusiano wa mtawala na watu. Christopher Haigh, aliyeandika mwaka 1988, anamwangalia kama mtu aliyejua kuigiza utawala mbele ya watu. Malkia ni yuleyule na siku ni ileile. Mfanyabiashara atauliza swali la tatu: baada ya makofi, bei ya chumvi ilishuka kwa nani, na ni leseni zipi zilizobaki?

Leseni moja iliyobaki ilifika mbali. Tarehe 31 Desemba 1600 malkia alitia muhuri hati ya kampuni ya wafanyabiashara wa London waliotaka biashara ya Mashariki, akawapa haki ya peke yao kwa miaka 15. Hiyo ndiyo Kampuni ya East India, ambayo baadaye ilitawala India. Mfano huo wa kampuni yenye hati ya kifalme uliigwa tena na tena, na mwaka 1888 Malkia Victoria alitoa hati kwa kampuni ya Imperial British East Africa. Mwaka 1891 mtumishi wa kampuni hiyo, Frederick Lugard, alipita Ankole na kufanya udugu wa damu na mjumbe wa Mugabe Ntare wa Tano. Karatasi ya London ilikuwa imefika katika nchi hii ya ng'ombe na ndizi, na ndani ya miaka kumi ufalme wa Ankole ulikuwa chini ya Waingereza.

Kwa hiyo swali la nani anapewa karatasi, na nani ananyimwa, si la zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinapita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Ni kinyume cha leseni ya chumvi: karatasi kwa kila mtu badala ya karatasi kwa mmoja. Lakini haimsaidii mama anayevuka bila kujua kuwa ipo, akamlipa mtu wa kumvusha njia ya panya.

Ukurasa unaotuhusu sisi

Kuna hesabu nyingine ambayo msomaji wa Kiafrika hawezi kuiacha. Mwaka 1564 malkia alimkodishia John Hawkins meli ya kifalme, Jesus of Lübeck. Hawkins alikwenda Afrika Magharibi, akawakamata na kuwanunua watu, akawauza katika makoloni ya Hispania ng'ambo ya Atlantiki. Aliporudi na faida alipewa nembo ya heshima yenye picha ya Mwafrika aliyefungwa kamba. Na mwaka 1596 barua zilitoka kwa jina la malkia zikitaka watu weusi waliokuwa Uingereza wakusanywe na kupelekwa nje, zikimnufaisha mfanyabiashara mmoja wa Lübeck. Mkono uliotia sahihi ruhusa ya wafumaji wa Norwich ndio uliotia baraka biashara hiyo.

Upande wetu wa Afrika meli za Waingereza zilianza kufika katika enzi hiyohiyo. Meli ya Edward Bonaventure, chini ya James Lancaster, ilitia nanga Zanzibar mwezi Novemba 1591 na kukaa huko mpaka Februari 1592. Nahodha huyo ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya East India mwaka 1601. Alikuwa ameiona njia.

Jinsi ya kuvisoma

Vitabu vingi vya maisha yake viko kwa Kiingereza, na hilo lisiwe kizuizi. Tangu zamani barua moja imesomwa na mmoja na kusikilizwa na kumi. Siku isiyo ya gulio, mwenye Kiingereza anaweza kusoma sura moja na kuisimulia kwa Kiswahili, na wengine wakauliza. Vitabu vya karne ya 17 na 19 havina tena hakimiliki, na vingi vinapatikana bure kwenye intaneti, hata kwa simu.

Anayeanza, achukue vitabu viwili visivyokubaliana. Wa zamani zaidi ni William Camden, aliyeandika kwa Kilatini na kutoa sehemu ya kwanza mwaka 1615. Alipewa nyaraka za serikali, faida kubwa kwa mwandishi. Lakini aliandika chini ya Mfalme James, mtoto wa Mary wa Scotland, mwanamke ambaye Elizabeth aliruhusu akatwe kichwa mwaka 1587. Mwandishi anayemwandika muuaji huku mtoto wa marehemu amekalia kiti lazima apime kila neno. Agnes Strickland na dada yake, katika karne ya 19, waliwaandika malkia wa Uingereza katika majuzuu 12 wakitumia barua na hesabu za nyumbani ambazo wanaume wengi walizidharau. John Guy, mwaka 2016, aliandika juu ya miaka ya uzeeni ya malkia, vita na uchovu wake, na mwaka 2019 akaandika maisha ya Gresham mwenyewe.

Kwa kila kitabu, uliza maswali ambayo ungemuuliza mtu anayekuuzia mzigo usioujua. Ameupata wapi? Nani alimlipa? Ameficha nini chini ya gunia? Na nani hayumo kabisa katika hesabu yake?

Hilo la mwisho lina uzito hapa kwetu. Nakivale wanaishi watu waliokimbia vita vilivyotanguliwa na hadithi za upande mmoja juu ya wafalme, koo na makabila. Hadithi hizo zilisimuliwa shuleni, redioni na jikoni, na wengi walizimeza bila kuziweka kwenye mizani. Ni rahisi kujifunza kupima habari za malkia wa mbali aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita, kwa sababu hakuna jirani yako atakayekasirika. Ukishazoea kupima za mbali, mkono hautetemeki sana unapofika kwenye za karibu.

Na shauri la tano la Gresham bado liko pale pale. Aliyefukuzwa kwao, akafika Isingiro na mfuko mmoja, hakuwa na benki wala hati ya kiwanja. Alikuwa na neno lake. Alichukua mzigo wa ndizi kwa mkopo Jumatatu, akalipa Ijumaa, na wiki iliyofuata akapewa miwili. Malkia mwenye hazina tupu alianzia hapohapo, na wale aliowalipa kwa wakati ndio waliomkopesha tena.